Sura ya 7: Fosforasi ya Miaka ya Themanini

Nchi tisa zinazoizunguka Bahari ya Baltiki zimefanya jambo ambalo mataifa mengi huliahidi na machache hulitimiza. Tangu miaka ya 1980, uchafuzi ulipofikia kilele, zimepunguza fosforasi inayoingia katika bahari yao kwa takriban nusu. Mitambo ya kusafisha maji taka ilijengwa Stockholm, Helsinki, Gdańsk na St. Petersburg. Sabuni za unga zenye fosfeti ziliondolewa madukani. Wakulima walilazimishwa kuhifadhi samadi wakati wa baridi badala ya kuimwaga juu ya ardhi iliyoganda. Gharama ilikuwa kubwa, na wananchi waliilipa.

Kisha hufika Julai. Jua linawaka, upepo unatulia, na uso wa bahari unageuka rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, mzito kama rangi iliyomwagika. Fukwe zinafungwa. Wenye mbwa wanaonywa wasiwaache wanyama wao wanywe maji, kwa sababu wapo waliokufa kwa kunywa. Mlipakodi anayesimama hapo na watoto wake waliokatazwa kuoga ana haki kamili ya kuuliza pesa zilikwenda wapi.

Macho hayawezi kumjibu. Ufuo mmoja katika kiangazi kimoja hauelezi lolote la uhakika, kwani upepo wa siku tatu tu unaweza kukusanya vijimea vya eneo zima katika ghuba moja, au kuvitawanya visionekane kabisa. Jibu limo katika safu ndefu za tarakimu ambazo watu wachache nje ya maabara wamewahi kuziona: kiasi cha fosfeti, naitreti, oksijeni na klorofili, zilizopimwa mahali palepale, kwa namna ileile, mwaka baada ya mwaka, tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Naamini kwamba bila tarakimu hizo juhudi zote za Baltiki zingekuwa zimeachwa njiani, zikitangazwa kuwa zimeshindwa, ilhali hazijashindwa.

Kwanza tuielewe bahari yenyewe, maana si bahari ya kawaida. Ukijumlisha na Kattegat, mlango wa bahari kati ya Denmark na Uswidi, Baltiki ina ukubwa wa kilomita za mraba takriban 415,000, lakini kina chake cha wastani ni kama mita 54 tu. Mito inayomiminika humo hukusanya maji kutoka eneo lenye ukubwa mara nne ya bahari hiyo, lenye wakazi wapatao milioni 85. Maji yanayotoka nje hupita katika milango miembamba ya Denmark, ambako mwinuko wa sakafu huacha kina cha mita 18 upande mmoja na mita 8 upande mwingine. Karibu haina maji kupwa wala kujaa. Ili maji yake yote yabadilike huchukua miaka kama 30. Kinachoingia Baltiki, basi, hukaa.

Tena maji yake yamepangika kwa matabaka. Juu pana maji mepesi ya mito, yenye gramu 6 hadi 8 za chumvi kwa kilo katika eneo la kati, wakati Bahari ya Hindi ina takriban 35. Chini pana maji mazito ya chumvi yaliyoingia kutoka Bahari ya Kaskazini. Matabaka hayo hayachanganyiki kwa urahisi, na hewa ya oksijeni iliyoko juu haiteremki hadi chini. Kila kijimea kinachokufa juu huzama, huoza, na kuoza kwake hula oksijeni ambayo haina wa kuirudisha. Katika kilindi cha Gotland, chenye mita zipatazo 240, chupa ya kuchotea maji mara nyingi hurudi na harufu ya mayai viza. Hiyo ni hidrojeni salfaidi, gesi ya mahali ambapo samaki hawezi kuishi.

Vijimea vinavyozungumziwa hapa ni vile vidogo visivyoonekana bila hadubini, vinavyoelea na kulishwa na mwanga. Chakula chao kikuu ni naitrojeni na fosforasi, ambazo kwa wastani huzitumia kwa uwiano wa atomi 16 kwa 1. Kuvihesabu kimoja kimoja ni kazi ya mtaalamu aliyekaa kwenye hadubini siku nzima. Kwa hiyo watafiti hupima kile ambacho vyote vinacho, yaani klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga. Maji huchujwa kwenye karatasi ya nyuzi za kioo, karatasi huloweshwa katika ethanoli, rangi hutoka, na kifaa husoma wingi wake. Katika sehemu kubwa za bahari ya wazi ya Baltiki, kikomo kinachohesabiwa kuwa cha afya wakati wa kiangazi ni karibu maikrogramu 2 kwa lita. Ni kiasi kidogo mno, na ndiyo maana uangalifu wa mikono una uzito mkubwa kuliko ubora wa mashine.

Fosfeti hupimwa kwa njia iliyochapishwa na Murphy na Riley mwaka 1962: kemikali yenye molibdeni huongezwa, na maji hugeuka buluu kadiri fosfeti ilivyo nyingi. Oksijeni hupimwa kwa njia ya Lajos Winkler ya mwaka 1888. Nazitaja tarehe hizi kwa makusudi. Katika sayansi nyingi tunasifu kifaa kipya, lakini mfuatiliaji wa bahari hushukuru kifaa cha zamani kisichobadilika, kwa sababu anachotafuta ni tofauti kati ya leo na miaka 40 iliyopita. Ukibadilisha njia ya kupima katikati, hujui tena kama iliyobadilika ni bahari au ni chupa yako.

Msimu nao una maana. Virutubisho hupimwa hasa majira ya baridi, Desemba hadi Februari, wakati giza limevilaza vijimea na hakuna anayekula. Hapo ndipo unaona akiba nzima iliyopo mezani kabla ya karamu ya masika. Klorofili ya kutathmini hali ya bahari hupimwa kiangazi, Juni hadi Septemba. Atakayelinganisha fosfeti ya Januari na fosfeti ya Juni atasema bahari imepona, na atakuwa amesema uongo bila kujua. Kwa hiyo ni lazima meli zitoke Januari, sitaha ikiwa imefunikwa na barafu, na watu wazamishe chupa hadi mita 240 mikono ikiwa imekufa ganzi. Sijui namna nyingine ya kuipata data hiyo.

Kipimo kikongwe kuliko vyote ni kisahani cheupe. Mwaka 1865 padri Mjesuiti wa Italia, Angelo Secchi, alikizamisha kutoka kwenye meli ya Papa, Immacolata Concezione, ili kujua maji ni angavu kiasi gani. Unakishusha kwa kamba hadi kitoweke machoni, unasoma kina. Mabaharia na watafiti wa kaskazini walikichukua, na kwa sababu hiyo tuna vipimo vya uangavu wa Baltiki tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kabla mbolea ya viwandani haijaenea mashambani. Katika Ghuba ya Finland na upande wa kaskazini wa bahari ya kati, kina cha kuona kimepungua kwa mita kadhaa katika miaka mia moja. Waliozamisha visahani hivyo hawakuwa wakitafuta uchafuzi, maana hakuna aliyeufikiria. Leo vipimo vyao ndivyo ushahidi wetu wa jinsi bahari ilivyokuwa.

Ufuatiliaji wa pamoja ulizaliwa katika mazingira ambayo yangeweza kuuua. Machi 1974, nchi saba zilitia saini mkataba wa kulinda Baltiki mjini Helsinki: Denmark, Finland, Uswidi, Poland, Umoja wa Kisovyeti, na Ujerumani zote mbili, ya Magharibi na ya Mashariki. Ilikuwa katikati ya Vita Baridi, na nyambizi za pande zote mbili zilikuwa zikipita chini ya maji hayohayo. Hata hivyo mataifa hayo yalikubaliana vituo vya kupimia, misimu na njia za maabara. Programu ya pamoja ilianza mwaka 1979, na mkataba ukaanza kutumika rasmi 1980, chini ya tume inayojulikana kama HELCOM.

Makubaliano ya kisiasa yalikuwa rahisi kuliko ya kemia. Maabara ya Warnemünde, Ujerumani, na maabara ya Helsinki zikipima maji ya chupa moja zinaweza kutoa majibu mawili, kila moja ikiwa na imani kamili na jibu lake. Watafiti walilazimika kukutana, kugawana sampuli zilezile, kulinganisha, kubishana, kurudi nyumbani na kurekebisha. Kazi hii haina sifa yoyote. Hakuna gazeti linaloandika kwamba maabara mbili zimekubaliana. Lakini mstari wa grafu unaovuka mipaka ya nchi tisa za leo bila kuruka-ruka umetokana na mikutano hiyo ya kuchosha. Data hukusanywa katika hifadhi ya ICES, baraza la kimataifa la uchunguzi wa bahari lenye makao Copenhagen, lililoundwa mwaka 1902.

Meli za utafiti ni ghali na hutoka mara chache. Mlipuko wa vijimea unaweza kuanza na kuisha katikati ya safari mbili. Katika miaka ya 1990 Wafini walipata suluhisho linalonifurahisha kila nikilifikiria: wakaweka vifaa ndani ya meli za abiria na mizigo zinazovuka Baltiki kwa ratiba. Pampu huvuta maji kutoka kina cha kama mita 5, kifaa hupima mng'ao wa klorofili njiani, na chupa hujazwa zenyewe kwa ajili ya maabara. Abiria wanakula chakula cha jioni ukumbini, na chini ya miguu yao bahari inapimwa kuanzia bandari hadi bandari. Mradi huo uliitwa Alg@line, na ulifungua kitabu cha majira ya Baltiki kwa namna ambayo meli ya utafiti peke yake isingeweza.

Ulifungua pia tatizo. Kifaa cha mng'ao kilifanya kazi vizuri masika, lakini kiangazi, wakati bahari ilikuwa ya kijani waziwazi, kilitoa tarakimu ndogo. Sababu ni kwamba vijimea vya Julai vingi ni sianobakteria, na sehemu kubwa ya klorofili yao imekaa mahali pasipong'aa kifaa kinapowamulika. Ikabidi kiongezwe kifaa cha pili kinachosoma rangi nyingine waliyonayo, fikosianini. Setilaiti nazo zilileta picha ya bahari nzima kwa siku moja, jambo la ajabu, lakini maji ya Baltiki yana rangi ya kahawia ya majani yaliyooza kutoka misituni, na hesabu zilizotungwa kwa ajili ya bahari kuu huidhania rangi hiyo kuwa klorofili. Mawingu ya kaskazini huficha mengine. Kila njia mpya imehitaji kulinganishwa na ile chupa ya zamani iliyochujwa kwa mkono. Wanaopendekeza kuondoa vituo vya meli kwa sababu setilaiti zipo wanapendekeza kuvunja kipimo ambacho setilaiti zenyewe husahihishwa nacho.

Hao sianobakteria ndio kiini cha fumbo letu. Vijimea vingine hukwama naitrojeni ya majini inapokwisha baada ya masika. Wao hawakwami: Nodularia na Aphanizomenon huweza kuchukua naitrojeni ya hewani. Wanachohitaji ni fosforasi, joto na utulivu. Nodularia hutengeneza sumu inayoharibu ini, na ndiyo inayoua mbwa.

Na fosforasi inatoka wapi, ikiwa mito inaleta nusu ya ile ya zamani? Hapa ndipo miongo ya vipimo ilipotoa jibu. Sakafu ya bahari ikiwa na oksijeni, madini ya chuma katika tope huishika fosforasi. Oksijeni ikiisha, chuma hubadilika na kuiachia. Fosforasi iliyozama miaka ya 1970 na 1980 hupanda tena juu, hulisha sianobakteria, nao hufa na kuzama, huoza, na hula oksijeni iliyobaki, na tope linaachia zaidi. Vipimo vya oksijeni vilivyokusanywa tangu mwisho wa karne ya 19 vimeonyesha kwamba eneo la sakafu lenye upungufu wa oksijeni limeongezeka mara kumi hivi katika muda wa takriban miaka 115, kutoka kilomita za mraba kama 5,000 hadi zaidi ya 60,000. Mwogaji anayefukuzwa ufukweni leo, kwa sehemu kubwa, anafukuzwa na mbolea na maji ya vyoo ya kizazi cha wazazi wake.

Desemba 2014 asili ilifanya jaribio ambalo hakuna serikali ingeweza kuligharamia. Dhoruba zilisukuma kilomita za ujazo takriban 198 za maji kupitia milango ya Denmark, zikiwa na tani bilioni 4 za chumvi. Lilikuwa ingizo la tatu kwa ukubwa tangu kumbukumbu zilipoanza mwaka 1880. Maji hayo mazito yenye oksijeni yalitambaa sakafuni kwa miezi hadi kufikia kilindi cha Gotland mwaka 2015. Watafiti waliyafuata kituo kwa kituo. Salfaidi ilitoweka, matumaini yakapanda. Ndani ya miaka michache oksijeni ilikuwa imeliwa yote na harufu ya mayai viza imerudi. Tangu hapo ni vigumu kudai kwamba bahari itajiponya yenyewe ikisubiri dhoruba nzuri.

Upo mfano wa kupona, nao unaonekana kwa sababu ulipimwa. Mwaka 1986 wavuvi wa Denmark walivua kambamti waliokufa kwa kukosa hewa katika Kattegat. Picha zilipoonyeshwa kwenye televisheni, nchi nzima ilishtuka. Mapema mwaka uliofuata bunge lilipitisha mpango wa kupunguza naitrojeni kwa asilimia 50 na fosforasi kwa asilimia 80, na pamoja na mpango likaanzisha ufuatiliaji wa taifa zima, kuanzia shambani hadi baharini. Miaka ya kwanza ilivunja moyo. Maji taka yalisafishwa upesi, lakini naitrojeni ya mashamba ilipungua polepole. Ilichukua zaidi ya muongo mmoja kabla ya klorofili ya pwani kushuka bayana, na nyasi za baharini zilikawia zaidi kuliko hiyo kabla ya kuanza kurudi katika kina kirefu. Serikali iliyoangalia matokeo ya miaka mitano tu ingefuta mpango wote.

Msomaji wa Mwanza, Kisumu au Entebbe atakuwa amekwisha kuliwaza ziwa lake, na hajakosea. Mwaka 1960 na 1961 Jack Talling, akifanya kazi kutoka Jinja, alipima virutubisho, klorofili na uangavu wa Ziwa Viktoria kwa uangalifu mkubwa. Kisha kwa karibu miaka 30 hapakuwa na mwendelezo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, Robert Hecky, Mganda Rose Mugidde na wenzao walipolipima tena, walikuta ziwa jingine: klorofili imepanda sana, uzalishaji wa vijimea umeongezeka takriban maradufu, sianobakteria wametawala, vilindi vinakosa oksijeni. Bila Talling wasingeweza kusema neno. Lakini ile nafasi tupu katikati ilitugharimu. Ndani ya miaka hiyohiyo sangara alienea na mamia ya aina za furu wakapotea, na wanasayansi wakabishana kwa muda mrefu: je, sangara ndiye aliyeharibu maji, au mbolea, udongo unaomomonyoka na moshi wa kuni na mashamba? Ilibidi wachimbe tope la sakafuni na kusoma tabaka zake ili kugundua kwamba mabadiliko yalianza mapema, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kabla ya sangara kupandikizwa. Tope lilitunza kumbukumbu ambazo sisi hatukuzitunza, lakini haliwezi kukuambia mwezi wala mahali pa kutia mkono. Nasikitika kila nikiwaza kile ambacho vituo vitano tu vya kudumu, vikipimwa kila robo mwaka tangu 1961, vingetuambia leo.

Huko Baltiki, safu ndefu za tarakimu zimegeuzwa kuwa vikomo vya virutubisho. Watafiti walijenga mifano ya kihesabu ya bahari nzima na kuijaribu dhidi ya data ya miongo: kama mfano hauwezi kurudia yaliyotokea tangu mwaka 1970, hauaminiwi kuhusu yatakayotokea. Mifano iliyofaulu ilitumika kukokotoa kiasi cha juu ambacho bahari inaweza kupokea na bado ikapona. Mwaka 2013 mawaziri mjini Copenhagen walikubaliana: takriban tani 792,000 za naitrojeni na tani 21,700 za fosforasi kwa mwaka, zikigawanywa kwa kila nchi na kwa kila bonde. Poland inajua sehemu yake, Uswidi inajua yake. Mwaka 2021, uliokuwa umewekwa kuwa mwaka wa bahari yenye afya, ulifika na lengo halikufikiwa; tathmini ya miaka ya 2011 hadi 2016 ilikuwa imekuta asilimia 97 ya Baltiki bado imerutubishwa kupita kiasi. Mawaziri walikutana tena Lübeck na kuandika mpango mpya wa kufikia 2030.

Asilimia hiyo 97 husomwa na wengi kama cheti cha kushindwa. Lakini mifano ileile inaonyesha kwamba, ikiwa vikomo vya Copenhagen vitaheshimiwa, sehemu nyingi za bahari zitarudi katika hali njema katika karne hii na ijayo, Kattegat na milango ya Denmark zikitangulia na kilindi cha Gotland kikifuata mwisho kabisa, pale fosforasi ya zamani itakapokuwa imefukiwa au imetoka nje kwa mkondo. Joto la maji linaloongezeka linaweza kuichelewesha safari hiyo, kwa kuwa maji ya joto hushika oksijeni kidogo na sianobakteria huyapenda. Ni kwa kiasi gani, ndilo swali linalobishaniwa sasa, na vipimo vya Januari ijayo kutoka kituo cha Gotland vitaingia katika hesabu yake.